Mlipaji Aelezwe Anacholipia

Si ajabu siku hizi kumwona kijana wa Mlangali, akishauza viazi vyake, akitenga sehemu ya fedha kwa ajili ya michezo ya kompyuta, ambayo vijana wenyewe huiita gemu. Sisi hatuoni ubaya katika hilo, kwani aliyefanya kazi ana haki ya kuburudika. Linalotusikitisha ni kwamba anaweza kupoteza alicholipia bila kujua amekosea wapi.

Tuchukue mfano. Kijana hulipa ada ya mwezi kwa huduma moja na kupata gemu aipendayo. Baadaye hujiunga na huduma ya pili, akaikuta gemu ile ile humo. Akiona kwamba analipa mara mbili kwa kitu kimoja, huacha kulipia ile ya kwanza. Mwezi unaofuata huduma ya pili huiondoa gemu hiyo katika orodha yake. Ruhusa ya kwanza ameiacha mwenyewe, ya pili imefutwa, na gemu haifunguki tena. Gemu kubwa huweza kuzidi gigabaiti 50, kwa hiyo bando alilotumia kuipakua nalo limekwenda bure.

Masharti yenyewe yanatatanisha. Chini ya Xbox Live Gold ya kampuni ya Microsoft, gemu zilizotolewa kwa mashine ya Xbox 360 zilibaki mikononi mwa mteja hata alipoacha kulipa, lakini zile za Xbox One zilifungwa mara ada ilipokoma. Mwezi Juni 2022 Sony iliziunganisha huduma zake mbili, PlayStation Plus na PlayStation Now. Septemba 2023 Gold nayo ikageuzwa kuwa Game Pass Core. Mwananchi wa kawaida atayafuatilia vipi mabadiliko hayo yote?

Wasiocheza gemu wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliamuru chaneli za bure ziondolewe katika visimbuzi vya kulipia, kwa kuwa leseni za kampuni husika hazikuruhusu kuzibeba. Mtazamaji aliyekuwa amelipa ada yake hakuwa na kosa lolote, lakini chaneli alizozizoea zilitoweka. Mvutano ulikuwa wa leseni, hasara ikawa ya mlipaji.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kukodi hana haki ya kulalamika muda wake unapokwisha. Hiyo ni kweli. Lakini mpangaji wa nyumba pale Njombe au Makambako anajua tangu siku ya kwanza kwamba amepanga, hakununua. Mlipaji wa gemu haambiwi hivyo waziwazi. Huelezwa katika kurasa nyingi za masharti, tena kwa Kiingereza cha wanasheria.

Huko California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumfahamisha mteja kwamba anachopewa ni leseni. Sheria hiyo haivigusi vifurushi vya ada. Yetu hapa nchini haina budi kuvigusa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Tunaiomba Tume ya Ushindani, ikishirikiana na TCRA, itoe mwongozo wenye mambo matatu: mteja aelezwe kwa Kiswahili fasaha kama amenunua au amekodi, aonywe mapema kabla ya kitu kuondolewa, na anapotaka kuacha huduma moja, aonyeshwe ni vitu gani vitafungwa.

Madai haya si makubwa. Kijana wetu ameshika jembe katika baridi ya milima ya Ludewa ili apate fedha hizo. Hazikupatikana kwa mchezo, na hata akizitumia kwa mchezo, anastahili kuambiwa ukweli.