Kadi isiyofutika

Kadi za wapiga kura zilizotolewa na CENI, Tume ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea uchaguzi wa Desemba 2023 zilianza kufifia mapema mno. Picha na majina yakapotea, na Tume ikalazimika kutoa nakala mpya. Lingekuwa jambo dogo kama kadi hiyo isingekuwa ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku: benki, wakati wa kusajili laini ya simu, njiani kwenda mpakani Kasumbalesa. Kadi isiyosomeka humtesa mwenyewe. Kwa mghushi ni zawadi.

Dawa inajulikana. Kwenye plastiki ya polikaboneti, leza huunguza jina na picha ndani ya tabaka zilizoshikamanishwa kwa joto. Hakuna wino wa kufutika, na anayekwangua huiharibu kadi yenyewe. Chipu yenye saini ya kidijitali huongeza ulinzi, mradi polisi wa komini zetu za Lubumbashi, Kamalondo au Kenya (si nchi), awe na kifaa cha kuisoma.

Rais Tshisekedi alikabidhiwa kadi ya kwanza ya uraia, yaani kitambulisho cha taifa, tarehe 30 Juni 2023. Wananchi wengi bado wanasubiri. ONIP, ofisi ya taifa ya utambulisho wa wananchi, iwatangazie wakazi wa Lubumbashi tarehe yao, na isiwaletee kadi nyingine ya kufifia.