Ufukwe wa Nyasa hauuzwi kwa muhuri wa mwenyekiti peke yake

Makamanda, siku hizi ukitaja Matema mbele ya watu wa Mbeya mjini, haipiti dakika kabla mtu hajauliza: "Kule viwanja bei gani?" Kila mwenye uwezo kidogo anataka nyumba ya kupumzikia pale ziwani, milima ya Livingstone nyuma na mchanga mbele. Sina ugomvi na wanunuzi. Mtanzania ana haki ya kumiliki ardhi popote nchini. Ugomvi wangu ni jinsi viwanja hivyo vinavyouzwa.

Utaratibu tunaujua wote. Dalali analeta mteja, karatasi inaandikwa, mashahidi wanasaini, mwenyekiti anagonga muhuri na anaondoka na chake. Chap chap, biashara imekwisha. Kijiji kinakuja kushtuka fensi inapopanda.

Sasa tuiangalie sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mwanakijiji akiuza eneo lake mwenyewe, lazima apate kibali cha halmashauri ya kijiji. Siyo cha mwenyekiti na mtendaji wamekaa wawili ofisini. Sheria hiyo hiyo inataka anayehamishiwa ardhi awe anaishi au anafanya kazi kijijini, au akusudie kufanya hivyo, isipokuwa halmashauri iamue vinginevyo. Pia inalinda haki ya mwanamke isipotezwe na mauzo hayo. Kwa hiyo kuna mambo ya kujadili, na yanatakiwa kujadiliwa kabla ya hela kutoka mfukoni.

Halafu kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Mnunuzi anayeahidiwa kiwanja "kinachogusa maji" anauziwa kesi. Yeye naye anaibiwa.

Kwa nini nahangaika na ufukwe? Kwa sababu kwa mvuvi ule mchanga ni sehemu ya kazi. Pale mitumbwi inapandishwa, nyavu zinatengenezwa, dagaa wanaanikwa. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanaleta vyungu vyao kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo. Ukizungushia ukuta kila kipande cha ufukwe, mtumbwi utatia nanga sebuleni kwa nani?

Ndugu zetu wa Iringa wanaweza kutupa somo. Kule Mufindi na Kilolo watu wa mijini walinunua ardhi ya vijiji kupanda miti ya mbao. Hela ilionekana nyingi siku ya malipo. Miti inakua miaka mingi, mwenyewe yuko Dar, na kijana aliyeuza baba yake anaomba kibarua cha kupalilia kwenye eneo lililokuwa lao. Nyumba ya wikiendi ufukweni ina tabia hiyo hiyo: mwenyewe hayupo, lakini nafasi imeshachukuliwa.

Hata Uingereza, ambako wengine wetu tunadhani mambo yote yamenyooka, vijiji vya bandari vimelia kilio hiki. St Ives, mji wa wavuvi kule Cornwall, nyumba zilinunuliwa sana na watu wa mbali wanaokuja likizo tu, hadi wenyeji wakakosa pa kuishi. Mei 2016 wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi pale muda wote. Kampuni ikaenda mahakamani kupinga, ikashindwa. Haikumaliza tatizo, maana kanuni iligusa nyumba mpya tu na za zamani zikaendelea kuuzwa kwa wageni. Lakini angalia nani aliamua: wakazi wenyewe, kwa kura.

Nitaulizwa: "Dada, mzee ana shida ya ada, unamkataza kuuza chake?" Hapana. Auze. Ila auze kwa bei iliyojadiliwa mchana kweupe, mke wake na watoto wakijua, kijiji kikijua, na njia ya kwenda ziwani ikibaki wazi. Uuzaji wa gizani haumsaidii mzee. Unamsaidia dalali.

Na hapa siasa inaingia, tupende tusipende. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa. Novemba 2024 CCM ikatangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya uenyekiti wa vijiji, baada ya wagombea wetu wengi kuenguliwa. Kijiji kisicho na mpinzani hata mmoja kwenye halmashauri, nani atauliza muhtasari uko wapi? Wanaodhani kuenguliwa kwa mgombea wa kijiji ni jambo dogo, waje wahesabu viwanja.

Lakini mkutano mkuu wa kijiji haukuenguliwa. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, na sheria inataka ukutane kila baada ya miezi mitatu. Vijana wa Kyela, dai mkutano uitishwe. Ukikaa, omba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: orodha ya mauzo yote ya ardhi ibandikwe ubao wa matangazo, mita 60 zipimwe na kuwekewa alama, na njia za mitumbwi na za wachota maji zitengwe zisiuzwe kamwe.

Hayo hayahitaji bendera ya chama. Yanahitaji watu wa kuhudhuria, kunyoosha mkono, na kukataa kukaa chini mpaka karani ameandika.