Msaragambo wa Uwanja wa Watoto Wetu

Ndugu wazazi na majirani zangu wa Muheza,

Madarasa tumejenga. Vyoo tumechimba, tofali tumebeba, na hakuna aliyelalamika sana. Uwanja wa shule ndio tumeusahau. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi, na katikati pana korongo ambalo kila mwaka linazidi kina. Mtoto akianguka humo, tunasema ni mtundu.

Korongo hilo limechimbwa na paa la madarasa yetu wenyewe. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati lenye ukubwa wa mita za mraba 150, inateremsha lita 3,000 za maji. Bati halina gata, basi maji yote yanakimbilia uwanjani. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka tuanze kuchangia bembea. Tuanze na gata na mtaro, tufukie korongo, tupande ukoka. Bembea ikisimikwa juu ya ardhi inayomomonyoka, masika mawili yanatosha kuilaza.

Kisha kivuli. Mapumziko ya saa nne jua limeshakuwa kali, na mtoto mwenye ualbino hawezi kukaa katikati ya uwanja mweupe usio na hata mti mmoja. Mkungu hukua upesi na matawi yake hutanda vizuri. Ila kila mche uzungushiwe uzio siku hiyohiyo ya kuupanda, kwa sababu ya mbuzi. (Wenye mbuzi tunajuana.)

Kuhusu michezo, tuwaulize watoto wenyewe. Sasa hivi wavulana wa mpira wametwaa eneo lote, na wasichana wanaocheza rede wamesukumiwa kando ya vyoo. Rede inahitaji kipande kilichosawazishwa tu. Mdako unataka sakafu ndogo ya saruji chini ya mti. Fundi mwashi aliyebakiwa na nusu mfuko ameshaimaliza kazi. Njia ya kufika hapo isiwe na ngazi, ili mwenye kiti cha magurudumu naye afike.

Vifaa vingine tunavyo. Matairi chakavu yamejaa kwenye gereji zetu. Yatobolewe matundu, yafukiwe nusu na kujazwa udongo, la sivyo yatatuamisha maji na kutuzalishia mbu wa dengue. Kamba za katani zinafaa kwa kuruka na kuvutana. Bembea, siku tutakapofika huko, ifungwe kwa minyororo, maana katani ikipigwa jua na mvua huoza, na inakatika mtoto akiwa juu.

Najua wapo watakaouliza: si elimu ni bila ada tangu 2016? Ndiyo, na ibaki hivyo. Asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu mzazi wake hakutoa kitu. Ninachoomba ni hiari: mwenye nguvu alete nguvu, mwenye fedha azipeleke kwa kamati ya shule, na kamati ibandike ukutani kila shilingi iliyoingia na kila risiti. Bila hilo la mwisho, mimi mwenyewe sitachangia. Wala tusikae kumngoja mfadhili. Akija atapaka ukuta rangi na kuweka bango; gata la nyuma ya darasa la tatu hataliona.

Likizo ya Juni ndiyo nafasi yetu. Mvua zimepungua, udongo bado ni laini, na watoto hawapo njiani. Mwenyekiti wa kitongoji apige mbiu, mwalimu mkuu atuonyeshe mipaka ya eneo la shule kabla hatujachimba, na mafundi wa gata wapime urefu wa paa wiki moja kabla. Sisi wengine tufike Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa moja asubuhi, na majembe, machepe na matoroli. Asiye na jembe aje na ndoo. Mwenye meza sokoni asiyeweza kuiacha, atutumie dumu la maji ya kunywa, naye tutamhesabu kuwa amefika.