Mtaka cha Mvunguni: Uongozi, Kauli na Roho katika Kibera na Kawangware

Aghalabu neno uongozi linapotajwa, fikra za wengi huelekea ikulu, bungeni, au kwenye kumbi za hoteli ambamo semina hufanyika na vyeti kugawanywa. Ni nadra mtu kuielekeza fikra yake Kibera au Kawangware. Mitaa hiyo miwili ya Nairobi hutajwa ama zinapohesabiwa kura, ama inapohesabiwa hasara. Mazoea hayo ni potofu. Anayetaka kujifunza kuongoza, kuwasiliana na kuikuza roho yake ana mengi ya kuokota katika vichochoro hivyo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Somo la kwanza ni la uongozi. Mnamo mwaka 2000, Tabitha Atieno Festo, muuguzi mjane aliyeishi Kibera, alipewa mtaji wa dola 26 na Rye Barcott, mwanafunzi kutoka Marekani. Fedha hizo alizitumia kuchuuza mboga. Mwaka uliofuata, faida ya mboga ilikuwa imezaa zahanati ndogo chumbani mwake. Tabitha alifariki mwaka 2004, lakini zahanati ile ilizidi kukua na kuendelea kuhudumu kwa jina lake. Hakuwa na cheo. Hakuchaguliwa na yeyote wala hakusubiri kuchaguliwa. Aliuona upungufu mlangoni pake, akauziba kwa ujuzi aliokuwa nao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kuongoza nako ni moyo, usambe ni cheo.

Somo la pili ni la mawasiliano. Baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketea, reli ipitayo mtaani iling'olewa, na kote nchini watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha kabla ya mwafaka wa Februari 28, 2008. Waama, moto ule ulitanguliwa na maneno. Tume ya Jaji Philip Waki iliyozichunguza ghasia hizo ilipokea malalamiko mengi kuhusu chuki iliyopeperushwa na baadhi ya redio za lugha za kienyeji. Hapa ikumbukwe kwamba lugha hizo hazina hatia yoyote. Kosa ni la aliyeugeuza ulimi wa mama kuwa ukuta wa kumfungia jirani nje.

Hata hivyo, maneno mema humtoa nyoka pangoni. Redio ya jamii ya Pamoja FM, iliyoanzishwa Kibera mwaka huohuo wa 2007, iliitumia sauti yake kuwasihi wakazi wa makabila yote watulie. Naye msanii Solomon Muyundo, maarufu kwa jina la Solo 7, alichukua rangi na brashi, akaandika wito wa amani kwenye kuta, milango na barabara za mtaa. Hawakuwa na jukwaa wala walinzi. Walichokuwa nacho ni kauli fupi, lugha inayoeleweka na wote, na uaminifu wa mtu asemaye na majirani atakaoamka nao kesho. Mwanasiasa huhutubia, kisha akapanda gari lake akaenda zake. Mkazi husema, kisha akabaki kuishi na alichokisema. Hiyo ndiyo tofauti kati ya hotuba na mawasiliano.

Inasikitisha kwamba somo hilo halikuwaingia wote. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, ilikuwa zamu ya Kawangware kushuhudia nyumba na maduka yakiteketezwa, na majirani walionunua mboga kibanda kimoja wakitazamana kwa macho ya uadui.

Somo la tatu, nalo ndilo gumu zaidi, ni la roho. Katika mitaa hii makanisa na misikiti hukaribiana, na Jumapili vipaza sauti hushindana. Lakini ukuaji wa roho haupimwi kwa kelele. Mwezi wa Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na likaomba radhi. Wapo waliosema kwamba toba hiyo ilichelewa, na huenda ni kweli. Hata hivyo, ilikuwa na uzito ambao wanasiasa wengi hawakuuthubutu. Anayeweza kusema "nilikosea" mbele ya umma amekwisha kuitawala nafsi yake; na asiyeitawala nafsi yake hana ujuzi wa kutawala wengine.

Hapana shaka atatokea wa kuuliza: je, kusema hivi si kuusifu umaskini? La, hasha! Uchafu wa mitaro, uhaba wa maji na kodi ya vyumba visivyo na vyoo si mambo ya kusifiwa bali ni ya kukomeshwa, na serikali haina budi kuwajibika. Kumsifu Tabitha si kuiondolea Wizara ya Afya mzigo wake. Kinachosifiwa hapa ni utu uliokataa kungoja.

Wanafunzi wa Kiswahili wana dhima ya pekee katika jambo hili. Wengi wao watakuwa walimu, wanahabari, watafsiri, na baadhi yao viongozi. Lugha wanayoisomea ndiyo inayomwezesha Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na Mnubi wa mitaa hii kuulizana bei na kujuliana hali. Itakuwa hasara kubwa wakihitimu wakiwa mafundi wa ngeli na vitenzi, ilhali hawawezi kumsikiliza mama anayeuza sukuma wiki kando ya njia. Kusikiliza ndiko kuinama kwenyewe. Asiyekuwa tayari kuinama asishangae cha mvunguni kikibaki mvunguni.