Mlingoti Mrefu na Kivuli Chake

Wakazi wa Nairobi huziita "mulika mwizi" zile taa kubwa zilizopachikwa juu ya milingoti iwezayo kufika mita 30 katika mitaa ya mabanda kama Kibera na Mathare. Jina hilo ladokeza kusudio lake: kumfichua mhalifu. Lakini swali liwapasalo wapangaji wa miji ni jingine, nalo ni kama mama aendaye msalani usiku aiona njia.

Hapana shaka mlingoti una faida zake. Huhitaji kiwanja kidogo na waya mmoja wa umeme, wala si rahisi mtu kuukwea akaiba taa. Ila nuru husafiri katika mstari ulionyoka, na hapo ndipo penye kasoro. Ichukuliwe nyumba yenye ukuta wa mita 3, iliyo mita 54 kutoka kwenye mlingoti wa mita 30. Kwa hesabu ya pembetatu zenye kufanana, ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuihakikisha, ukuta huo hutupa kivuli cha mita 6 nyuma yake. Kichochoro chenye upana wa mita 2 kilichoko nyuma ya ukuta huo humezwa chote na kiza. Tena jicho lililokwisha kuzoea mng'ao wa taa hukiona kiza hicho kuwa kizito maradufu, na aliyejibanza humo humwona mpita njia kabla hajaonekana.

Kuongeza ukali wa taa hakuondoi kivuli. Linalofaa ni kuishusha. Taa ileile ikiteremshwa kutoka mita 30 hadi mita 5, mwangaza ulio chini yake moja kwa moja huongezeka mara 36, kwa kuwa hubadilika kinyume na mraba wa umbali. Kwa hiyo taa ndogo ya LED, iliyofunikwa juu na kutundikwa ukutani, yatosha kichochoro. Mahali pa kuitundika wapajua zaidi wanawake wapitao hapo alfajiri kuliko mchora ramani.

Taa nyingi ndogo huharibika moja moja, ilhali mlingoti ukizimika mtaa mzima hulala gizani. Lakini nazo zataka matunzo. Fundi wa mtaa apewe ngazi, vipuri na ujira wa kudumu, na fungu hilo liandikwe katika makisio ya jiji kabla ya taa ya kwanza kutundikwa.