Uhai wa Mtu Si Mtaji wa Kura
Tumehimizwa miaka mingi tujifunze demokrasia kwa Wamarekani. Vema, tujifunze yote. Januari 1992 Bill Clinton, gavana wa Arkansas aliyewania urais, aliacha kampeni New Hampshire akarejea kwake Ricky Ray Rector anyongwe, au tuseme auawe kwa sindano ya sumu. Rector alimwua polisi, hilo hatulifichi. Kisha alijipiga risasi kichwani, ubongo ukaharibika. Katika mlo wake wa mwisho alibakiza kitindamlo, eti akile baadaye. Baadaye! Gavana aliyeweza kumhurumia hakumhurumia, na Novemba akashinda. Sisi tunaodai kura huru twauliza: aliyehofia kuitwa mnyonge hata akamtoa mtu huyo, ni kura hizo alizozipigia magoti?