Ankara ya Fluoresini: Madai Matano Yasiyosimama

Katika kliniki za macho za Marekani, rangi ya fluoresini huchomwa kwenye mshipa wa mkono, kisha retina hupigwa picha kwa mwanga wa bluu ili mishipa inayovuja ionekane. Wenye kisukari wanakifahamu kipimo hiki. Ankara yake, hata hivyo, imezungukwa na madai potofu, na mzigo humwangukia mgonjwa.

Dai la 1: "Kichupa kina msimbo wake, basi rangi ilipiwe peke yake."
Si kweli. Msimbo wa NDC unatambulisha dawa tu: sehemu ya kwanza humtaja mwenye lebo, ya pili dawa na nguvu yake, ya tatu aina ya pakiti. Hautaji bei wala hauahidi malipo. Kipimo hudaiwa kwa msimbo 92235, na kwa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, gharama ya rangi imo humo. Kuidai tena ni kulipisha kitu kimoja mara mbili.

Dai la 2: "Macho mawili, malipo mawili."
Hilo lilikoma. Tangu 2017, 92235 hulipwa mara moja, liwe jicho moja au yote mawili.

Dai la 3: "Kichupa chenye mililita nyingi kina dawa nyingi."
Piga hesabu. Asilimia 10 ni miligramu 100 kwa kila mililita. Mililita 5 zina miligramu 500. Asilimia 25 ni miligramu 250 kwa mililita. Mililita 2 zina miligramu 500 zilezile. Misimbo ya NDC ya vichupa hivi inatofautiana kwa sababu nguvu inatofautiana, si kwa sababu mgonjwa amepewa dawa zaidi.

Dai la 4: "Namba ya NDC iliyo kwenye dai la bima hailingani na ya boksi, basi imeghushiwa."
Tofauti hiyo peke yake haithibitishi udanganyifu. Boksi huwa na tarakimu 10, lakini bima hutaka 11, kwa mpangilio wa 5-4-2. Sifuri huongezwa mwanzoni mwa sehemu iliyopungua. Kosa ni kuiweka mahali pasipo pake.

Dai la 5: "Rangi zote za kupimia macho ni mamoja."
Hili ni la hatari zaidi. Indosianini ya kijani, rangi nyingine ya kupimia macho, huja kama unga wa miligramu 25 na ina iodidi ya sodiamu, hivyo lebo yake huonya kuhusu mzio. Fluoresini haina iodini, ingawa nayo yaweza kuleta mzio mkali. Kipimo cha indosianini hudaiwa kwa msimbo 92240. Zikitumika zote mbili katika ziara moja, ni 92242.

Ukipokea ankara, omba mchanganuo wake. Ukikuta Medicare imedaiwa 92235 mara mbili kwa siku moja, au rangi imeandikwa kando, usilipe kabla ya kupewa maelezo. Ni haki yako kuuliza.